Shafti za Dhahabu za Rennie Cutajar

Rennie Cutajar aliiona riziki yake imelala kwenye lundo la vyuma chakavu, imeliwa na kutu, na juu yake mjusi mkubwa anaota jua kama mwenye yadi.

Mwenye yadi hasa alikuwa Bi Coralie Schirmer, mama wa miaka sitini na kitu, mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko, pale nje kidogo ya mji wa Mackay, upande wa mashamba ya miwa. Rennie alikuwa kaenda kutafuta kioo cha pembeni cha gari lake. Cha zamani kilikwenda na geti la kanisa. Watu wa bima aliwaambia geti ndilo lililomgonga yeye, wakacheka mpaka simu ikakatika.

Basi yuko pale anapekua, mara kaingia mtu mwenye tumbo la heshima, kakumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo la kuogea, anakibeba taratibu kama katoka nacho wodi ya wazazi. Huyo alikuwa Merv Dalziel, mstaafu wa kiwanda cha sukari na mwenyekiti wa Klabu ya Foo-Wili ya Korinda, klabu ya magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, wale jamaa ambao Jumatatu mpaka Ijumaa wanaosha magari yao, na Jumamosi wanakwenda kuyazamisha kwenye matope kwa hiari yao wenyewe.

"Coralie, uko peke yako?"

"Niko na huyu anayetafuta kioo. Hesabu niko peke yangu."

Merv akafungua taulo. Ndani mlikuwa na shafti ya mbele, ile fimbo ya chuma inayotoa nguvu kwenye difu, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu, na kuipeleka kwenye gurudumu. Imekatika vipande viwili, safi kabisa.

"Umeweka tena matairi makubwa?" akauliza Coralie.

"Makubwa kidogo."

"Na gari umelinyanyua tena?"

"Inchi tatu tu, Coralie. Tatu si kitu."

"Shafti imekaa mshazari kama ngazi ya mlevi, halafu unakuja hapa na uso wa msibani. Unataka nini?"

"Ngumu kuliko hii. Bei sijali. Na wenzangu klabuni wasijue."

*Bei sijali.* Rennie aliacha kutafuta kioo. Kuna watu wakisikia kengele ya kanisa wanasimama; yeye alisimama kwa maneno hayo mawili.

Merv alipoondoka, Rennie akasogea. "Bi Coralie, shafti ikivunjika kuna aibu gani? Si chuma tu?"

"Wewe hujui hawa watu," Coralie akasema. "Ukivunja shafti, jioni kwenye nyama choma ya klabu unavalishwa. Wanaifunga mnyororo, wanakutundika shingoni, unakaa nayo mpaka watu waondoke, na bia ya wote unanunua wewe. Kuna daktari wa meno hapo klabuni, Tilly Vandersee, alivalishwa mwaka juzi. Mpaka leo wagonjwa wanamwita Mama Mkufu."

"Kwa hiyo mtu akivunja, anaficha."

"Angeweza kuimeza, angeimeza."

Rennie akamtazama yule mjusi. Chini ya mjusi mlikuwa na shafti za zamani kama arobaini, zimetolewa kwenye magari yaliyokufa. "Na hizi unauzaje?"

"Kwa kilo. Mjusi siuzi."

Hapa lazima tumseme Rennie kidogo, maana mwenyewe angejisema vibaya zaidi. Umri miaka arobaini na moja. Babu yake alitoka Malta kuja kukata miwa, baba yake akapata shamba, na Rennie akapata ulimi. Kwa ulimi huo aliwahi kuuza dawa ya kuzuia kutu iliyootesha kutu kwenye bampa lake mwenyewe. Aliwahi kuuza ramani ya madimbwi ya samaki, akapotea kwa kuifuata. Katika safari yote hiyo ya ushindi alibaki na kitu kimoja tu: Shirley. Shirley ni gari, foo-wili la miaka ya tisini, rangi ya maziwa yaliyochacha. Nyuma kulikuwa na godoro, jiko dogo la gesi, na kopo la Milo lenye akiba yake yote. Shirley ndiyo nyumba, Shirley ndiyo ofisi, na kwa hesabu ya siku za upweke, Shirley ndiyo mke.

Kazi ikaanza. Alinunua shafti za kutu kwa kilo, akazisugua kwa msasa, akagonga namba kwa nyundo ili zionekane zimetoka kiwandani, akazipaka rangi ya dhahabu ya kopo. Seti yake ya namba ilikuwa ya bei chee; saba yake ilikuwa imemeguka kichwa, inatoka kama ndoano ya samaki. Hakujali. Nani anasoma namba?

Mteja wa kwanza alikuwa Merv mwenyewe.

"Hii mzee wangu," Rennie akamwambia, anaifunua taratibu kutoka kwenye kitambaa cheusi, "imepikwa Ufini. Mara tatu. Ikitoka kwenye tanuru wanaizika kwenye theluji wiki sita."

"Wiki sita za nini?"

"Za kutulia. Chuma kina hasira, bwana. Cha kwako kilikatika kwa sababu hakikupewa nafasi ya kutulia."

Merv akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa analishuku jambo hilo siku nyingi. "Na kwa nini dhahabu?"

"Ukiwa umelala chini kwenye matope, unataka kuiona au hutaki?"

"Nataka."

"Sasa sikiliza waranti. Ya maisha. Ikivunjika hata kesho, niletee vipande, nakupa mpya papo hapo bila swali. Sharti ni moja dogo: unaileta mbele ya klabu nzima. Mimi mtu wa uwazi, sipendi mambo ya vichochoroni."

Msomaji, tuvue kofia hapo. Wezi wengi huuza kitu kisha hukimbia. Rennie aliuza kitu, akaweka waranti, na mlinzi wa waranti akawa aibu ya mteja mwenyewe. Mtu wa Korinda angekubali kung'olewa jino na Tilly bila ganzi kuliko kusimama mbele ya wenzake na vipande vya shafti mkononi.

Akauza. Tilly akanunua. Mchungaji Alby Nott akanunua, akaziombea kabisa, zikiwa bado kwenye boksi. Kwa kuwa kila mwanaklabu ni fundi siku ya Jumapili, kila mtu alizifunga mwenyewe kwenye gereji yake, mlango umefungwa. Miezi minane, seti kumi na tisa. Malalamiko: sifuri.

Na hapo ndipo Rennie alipoanza kuharibikiwa. Mwongo akikosa kubishiwa muda mrefu, anaanza kujisikiliza. Akaanza kwenda kwenye nyama choma za klabu. Anakaa na soseji yake kwenye mkate, vitunguu vinamdondokea kifuani, anafundisha watu habari za theluji ya Ufini. Kupanda mlima hakuwahi. Siku moja mgongo, siku nyingine Shirley ana homa. Lakini alianza kujiita "sisi". Sisi watu wa matope.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, Merv akagonga chupa kwa kijiko.

"Jamani, Jumamosi wanakuja wenzetu wa Townsville. Magari thelathini. Wamesikia habari za shafti za dhahabu, wanataka kununua wote."

Rennie akaacha kutafuna.

"Ila wana neno moja," Merv akaendelea. "Wanataka kuziona kwenye Mlima wa Talaka. Na dereva awe muuzaji."

Mlima wa Talaka ni mita mia mbili za mawe na udongo utelezao. Ulipata jina baada ya ndoa mbili kufia pale, zote kwenye kiti cha abiria.

"Mgongo wangu, mwenyekiti..."

"Mgongo utakaa, kaka. Atakayepanda ni Shirley."

Watu wakacheka, wakamgongea chupa. Rennie naye akacheka, maana uso wake ulikuwa umezoea kucheka bila kumuuliza. Ndani alikuwa anapiga hesabu. Seti thelathini, malipo mkononi, halafu Jumapili asubuhi yuko njiani kwenda Darwin, mji wa mbali kaskazini, na dirisha wazi. Tatizo lilikuwa moja: Shirley akipanda na shafti zake za kutu, hafiki hata kwenye jiwe la kwanza. Akikatikia huko juu, atateremka kinyumenyume na nyumba, ofisi na mke.

Alihitaji shafti za kweli. Ngumu hasa, za kuaminika, azipake dhahabu juu, basi. Dukani waliagiza kutoka Brisbane, wiki tatu. Akabaki na mtu mmoja duniani ambaye hajawahi kumdanganya, aliyemuuzia takataka na kuiita takataka.

"Za kweli?" Coralie akamtazama juu ya miwani. "Si wewe una za Ufini?"

"Zimeisha stoo."

"Aa." Akafuta mikono polepole. "Ninazo seti moja. Zilikuwa kwenye gari la mashindano, injini iliungua, shafti zikabaki nzima. Hizo hata ukifunga treni ya miwa zinavuta. Ila nilikuwa nimemwekea mtu."

"Nani?"

"Mtu mwenye hela."

Rennie akaenda kwenye gari, akarudi na kopo la Milo. Coralie akalipima kwa mkono, kama anavyopima vyuma, akaingia ndani. Alitoka na shafti mbili zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, nyeusi tii, zinang'aa. Rennie akazibeba, akazigonga kwa ukucha, akakunja midomo kitaalamu.

"Unaona?" Coralie akasema. "Sikia mlio."

"Nausikia. Tofauti kabisa."

Miezi minane anauza shafti, bwana, na hakuwahi kujifunza kuitambua nzuri na mbovu. Hakuwa na haja. Ni sawa na mpishi anayeuza chakula kila siku na mwenyewe hana ulimi.

Siku mbili alilala chini ya Shirley kwenye yadi ya Coralie, anafunga shafti na kuwatukana wahandisi. Bolti moja ilimchuna vidole vitatu. Grisi ilimwingia sikioni. Coralie akipita anamsukumia spana kwa mguu. "Namba kumi na saba, mwanangu. Hiyo ya kumi na tisa unabembeleza tu." Ijumaa jioni akapaka dhahabu, akatoka chini ya gari, akasimama kumtazama Shirley. Akashangaa kifua kimejaa. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake aliyoifanya mpaka mwisho.

Jumamosi, Korinda wote wapo, Townsville wapo, Coralie naye kaja, soseji ziko jikoni tangu asubuhi. Mchungaji Alby akaomba dua fupi. Merv akainua bendera, kumbe ni lile taulo la kuogea.

Rennie akaingiza gia ya chini, akafunga difu ili magurudumu yazunguke pamoja, akakanyaga taratibu.

Shirley akapanda.

Jiwe la kwanza akalipita. La pili akalivuka, gurudumu moja hewani. Kwenye udongo alipiga kelele kama ng'ombe anayezaa, matope yakaruka mpaka kwenye meza ya achari, lakini akashika, akajivuta. Watu wakaanza kupiga makofi. Na Rennie, ambaye alikuja kwa ajili ya hela, akajikuta anapiga kelele peke yake ndani ya gari: "Twende mama! Twende!" Darwin alikuwa ameisahau. Wateja alikuwa amewasahau. Mbele yake kulikuwa na mawe mawili, kisha anga.

Zikabaki mita nne. Gurudumu la kushoto likakaa kwenye jiwe lililolowa, Rennie akaongeza mafuta kidogo, kidogo tu...

Paa!

Kila mtu wa Korinda anaujua mlio ule. Hata mbwa waligeuka.

Shirley akatulia pale juu, pua angani, gurudumu limelegea kama sikio. Merv na Coralie wakampandia kwa miguu, wakamfunga kamba ya winchi, wakamshusha polepole mpaka kwenye tambarare. Rennie akashuka. Akajifuta matope usoni kwa kiganja.

Merv akapiga magoti, akatoa vipande. Mnyororo ulikuwa tayari. Akamvalisha Rennie mbele ya watu wote, taratibu, kwa heshima ya kuapishwa.

"Bi Coralie," Rennie akasema kwa sauti ya chini, shafti inamvuta shingo, "ulisema hizi zinavuta treni."

Coralie akatoa funguo mfukoni, akashika kipande kilichoning'inia kifuani kwa Rennie, akakwangua. Dhahabu ikatoka. Chini yake nyeusi. Akakwangua tena. Chini ya nyeusi, dhahabu. Akaendelea kukwangua mpaka ikatokea namba, na katikati ya namba saba moja iliyomeguka kichwa, kama ndoano ya samaki.

Rennie akaitazama saba yake.

"Merv aliosha gari kwa maji ya presha mwezi wa tano," Coralie akasema. "Nusu ya Ufini ikaingia mtaroni, kutu ikachungulia. Akaniletea nizitazame, nikazijua hata kabla hajafungua taulo. Zilikaa kwenye yadi yangu miaka tisa. Nilikuuzia kwa kilo, ukauza kwa bei ya harusi, na hata soseji moja hukuniletea. Nikasema haya, acha nizipake nyeusi, nimuuzie na mimi."

"Na Townsville?"

"Wamekuja kula tu," akasema Merv. "Wana shafti zao."

Hapo Rennie alitegemea ngumi. Alishakunja mabega kabisa. Badala yake mtu akakohoa. Ni Mchungaji Alby. Akaenda kwenye gari lake, akainua kiti cha nyuma, akatoa blanketi, na ndani ya blanketi vipande viwili vya dhahabu.

"Mwezi wa tatu," akasema, masikio mekundu. "Mungu anisamehe. Nilisema kwenye mahubiri kwamba nimepata pancha."

"Mwezi wa tatu?" Tilly akaruka. "Mimi yangu haikumaliza wiki!" Akafungua boksi la vifaa, nazo hizo hapo, zimefungwa kwenye aproni ya kliniki. "Niliogopa mtaniita Mama Mikufu!"

Mmoja alikuwa amezificha kwenye friji la bia. Mwingine ndani ya gitaa. Kumbe klabu nzima ilikuwa inaendesha magari yanayovutwa na magurudumu mawili ya nyuma tu tangu Pasaka, kila mtu anaamini yeye peke yake ndiye dereva mbovu, kila mtu anapita mbali na Mlima wa Talaka na kusema leo hajisikii. Sasa muuzaji mwenyewe kavaa mkufu. Nani ataona aibu? Wakacheka wakakaa chini. Merv alicheka mpaka tumbo likamsumbua. Rundo la dhahabu likapanda miguuni kwa Rennie, vipande kwa vipande.

"Mbele ya klabu nzima," Tilly akamkumbusha, mkono kiunoni. "Papo hapo. Bila swali. Si ndivyo?"

Rennie akalitazama lile rundo miguuni kwake.

"Ndivyo," akasema.

Wakaamua palepale, juu ya soseji. Kopo la Milo linarudi kwa wanaklabu. Kilichobaki, Rennie atakilipa kwa mikono, chini ya magari yao, moja baada ya jingine, kwenye yadi ya Coralie na Coralie akiwa juu ya kichwa chake. Shirley analala yadini mpaka gari la mwisho lipande. Na bia ya leo, pamoja na ya Townsville, iandikwe jina lake.

Jua likaanza kuegemea upande wa miwa. Rennie alikaa kwenye bampa la Shirley, lile lenye kutu aliyoiotesha mwenyewe, mkufu kifuani, vitunguu kwenye shati. Nyumba imekwenda, ofisi imekwenda, mke yuko rehani. Coralie akaja kukaa pembeni yake na mkate wa soseji, akamkatia nusu.

Rennie hakula. Alikuwa anautazama mlima.

"Bi Coralie."

"Nini tena?"

"Lile jiwe la mwisho. Ningekaa kulia kidogo, nikawa na shafti za kweli... ningefika?"

Coralie akautazama mlima, akafumba jicho moja. "Ungefika."

Rennie akashusha pumzi.

"Ila ungevunja difu," akaongeza Coralie.

Mjini kote hakuna aliyejua zaidi ya Rennie Cutajar jinsi maneno ya namna hiyo yanavyopangwa, yanaelekea wapi, na mwisho wake mtu hubaki na nini mfukoni. Alijua kabisa. Akageuka, macho yanang'aa kama ya Merv siku ile ya taulo.

"Difu nzuri inauzwaje?"

Coralie akafuta mikono kwenye suruali. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, sauti yake ikawa laini kama asali ya miwa.

"Sogea hapa, mwanangu," akasema. "Nikueleze."